Mtoto na Mama Wasipotambulikana

Juzi mpwa wangu aliniletea kipande cha jiwe la sabuni kutoka Tabaka, Kisii. Alidai ameona ndani yake kisukuku cha mnyama wa baharini. Ilinibidi nimwambie ukweli: miamba hiyo iliumbika kabla wanyama wenye magamba hawajatokea duniani.

"Basi wako wapi?" akauliza.

Wako Tanzania, kwa mfano. Mwaka 1975 mtaalamu Raymond Bate alichapisha maelezo ya ostrakodi wa enzi ya Jurasi kutoka huko. Hao ni jamaa wadogo wa kaa na kamba. Wengi hawafikii milimita 2, na mwili hufunikwa na magamba mawili kama ganda la kunde.

Kutangaza spishi mpya si kupachika jina tu. Ostrakodi akikua hujivua gamba mara kadhaa, na dume huweza kutofautiana umbo na jike. Mtaalamu akifanya haraka atampa mtoto jina moja na mamaye jina jingine. Kosa hilo si dogo, maana wachimbaji wa mafuta hukadiria umri wa miamba kwa magamba hayo hayo.

Kwa hiyo hukusanya magamba mengi, huyapima na kuyalinganisha. Kisha huchagua moja liwe kielelezo, litunzwe makumbusho, ili mwingine aweze kumsahihisha.

Mpwa wangu nimemshauri aandike jiwe lake liliokotwa wapi na lini. Kazi yenyewe huanzia hapo.

Tuonane Jumapili ijayo.