AFYA YETU: Muuguzi Anahesabu Nini?



Tuseme mtoto wako ana miezi 10. Usiku kucha amekohoa, na mwili wake una joto. Alfajiri umembeba mgongoni, umetembea mwendo wa saa mbili mpaka zahanati. Sasa zamu yako imefika. Muuguzi anakuambia, "Mama, mfunue kifua. Mbembeleze atulie." Halafu anaangalia saa, anaangalia tumbo la mtoto, naye yuko kimya. Dakika nzima inapita. Hakuna dawa wala sindano.

Nyuma yako watu wanaguna. "Nesi gani huyu? Anatazama tu!"

Hatazami tu. Anahesabu pumzi.

Tumbo likipanda mara moja, hiyo ni pumzi moja. Mtoto wa miezi 2 mpaka kabla ya kutimiza mwaka, akivuta pumzi 50 au zaidi kwa dakika moja, anapumua mbio. Kwa mtoto wa mwaka 1 mpaka kabla ya miaka 5, ni pumzi 40 au zaidi. Kwa mtoto mchanga ambaye hajatimiza miezi 2, ni pumzi 60 au zaidi, naye huhesabiwa mara ya pili ili kuwa na hakika. Mtoto anayekohoa na kupumua mbio huenda ana nimonia, yaani homa ya mapafu. Wengine huiita kichomi. Ugonjwa huu huua watoto wadogo wengi, nao hautambuliwi kwa kumgusa mtoto kwenye paji la uso.

Mtoto akilia, hesabu inaharibika. Ndiyo sababu muuguzi anangoja atulie. Tena lazima amalize dakika nzima, maana pumzi za mtoto haziendi sawasawa. Kukiwa na watu hamsini wanaosubiri, ni vigumu sana kumaliza dakika hiyo. Basi, msimharakishe.

Pengine utauliza: je, joto hili si malaria? Huenda ni malaria. Zamani karibu kila homa ilitibiwa kama malaria. Lakini tangu mwaka 2010, Shirika la Afya Duniani linashauri mgonjwa apimwe kwanza. Muuguzi anachukua tone la damu kidoleni, na baada ya kama robo saa jibu linapatikana. Jibu likisema hakuna malaria, usimbembeleze akupe dawa ya malaria. Mtoto mwenye nimonia akipewa dawa ya malaria peke yake, anarudi nyumbani na nimonia yake.

Sasa sikiliza jambo gumu. Tuseme muuguzi amehesabu, amepata pumzi 46. Hazijafika 50. Je, akuambie uende nyumbani? Anauliza kwanza: "Ananyonya?" Unajibu kwamba tangu jana jioni amekataa ziwa. Muuguzi anakuambia ujaribu kumnyonyesha hapo hapo mbele yake. Mtoto anashindwa. Basi hesabu haikufika, lakini mtoto huyu yuko hatarini. Muuguzi anaandika barua ya rufaa, uende hospitali siku hiyo hiyo. Saa inasaidia, lakini haiwezi kumwona mtoto. Muuguzi ndiye anayemwona.

Na pengine mambo ni kinyume. Kipimo hakioneshi malaria. Pumzi ni 34. Mtoto ananyonya, anacheka, anavuta kalamu ya muuguzi. Ana mafua tu. Hapo muuguzi mwema atakataa kumpiga sindano, hata ukikasirika. Najua inauma kutembea mbali hivyo na kurudi bila sindano. Mama mkwe naye atauliza umepewa nini huko. Lakini sindano isiyohitajika ina hatari yake. Ikichomwa mahali pabaya kwenye tako, inaweza kuumiza mshipa wa fahamu, mtoto akachechemea. Na dawa za kuua vijidudu zikitolewa ovyo, vijidudu huzizoea. Siku ya nimonia ya kweli, dawa inashindwa.

Muuguzi atakuuliza pia: "Umempa dawa gani nyumbani?" Hapa wengi wetu tunanyamaza. Tumempa dawa ya kienyeji, au vidonge vya homa vilivyobaki vya kaka yake, tunaogopa kugombezwa. Sema kweli. Vidonge vya homa vya parasetamo vikizidi huumiza ini. Muuguzi asipojua ulichompa, anaweza kumwongezea juu yake.

Na ninyi wauguzi mnaosoma ukurasa huu, nanyi mna sehemu yenu. Mama akigombezwa leo mbele ya watu, kesho ataficha. Na aliyoyasema chumbani yasisikike kisimani.

Ukipewa dawa ya nimonia, maliza siku zote ulizoandikiwa, hata kama mtoto ameanza kucheza siku ya pili. Rudi siku uliyoambiwa. Lakini usingoje siku hiyo, wala usingoje kuche, ukiona mtoto hawezi kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea haamki vizuri, au pale chini ya mbavu panabonyea ndani anapovuta pumzi.

Leo jioni mtoto akiwa mzima na amelala, kaa karibu naye na saa au simu. Funua tumbo lake, hesabu dakika moja nzima. Andika namba hiyo katika daftari lako pamoja na tarehe. Kesho hesabu tena, uizoee kazi hiyo. Siku akiugua, hesabu, andika, kisha nenda na daftari hilo zahanati. Muuguzi atahesabu mwenyewe upya, usiudhike. Lakini atafurahi kuiona namba yako.