Mwanao anataka kuwa bingwa wa upasuaji? Mwache aende Kigoma

Ukikaa barazani jioni Boko, Bunju au Tegeta, hukosi mzazi mwenye mtoto anayesomea udaktari. Muulize atakuwa daktari wa nini, wengi watakujibu haraka: wa upasuaji. Si jambo baya. Ila naona wazazi wengi wanaibeba ndoto hiyo bila kuijua njia yake, na wengine, kwa nia njema kabisa, ndio wanaomzibia mtoto.

Tuanze na hesabu. Shahada ya udaktari ni miaka 5, kisha mwaka 1 wa utarajali hospitalini. Hapo ndipo anaweza kuomba nafasi ya kusomea ubingwa Muhimbili (MUHAS), KCMC Moshi au Bugando Mwanza, na huko atakaa miaka 3 hadi 4, kutegemea chuo na fani. Akimaliza, umri wake umefika au umepita miaka 30. Kama ulikuwa unamsubiri alipe ada za wadogo zake mara tu atakapovaa joho, mwambie mapema, naye akueleze mpango wake. Nyumba nyingi ugomvi huanzia hapo.

Na fedha ni suala lenyewe. Marekani, daktari anayesomea ubingwa hulipwa mshahara na hospitali. Hapa kwetu, asiye na mfadhili hulipa ada, huku akishinda wodini na kulala zamu. Serikali imeanza kutoa ufadhili wa ubingwa kwa wataalamu wa afya kwa jina la Rais Samia, na ni hatua njema, lakini kwa maoni yangu kila anayekubaliwa kusomea upasuaji angepaswa kulipiwa. Tukiacha kama ilivyo, atakayetupasua ni yule ambaye baba yake alikuwa na uwezo, si lazima yule mwenye mkono mzuri.

Kuna njia nyingine ambayo wazazi wengi hawaijui. Chuo cha madaktari wa upasuaji wa Mashariki, Kati na Kusini mwa Afrika, COSECSA, kilichoanzishwa mwaka 1999 na chenye makao yake Arusha, humfundisha daktari akiwa kazini katika hospitali iliyoidhinishwa. Hufanya mtihani wa hatua ya kwanza baada ya miaka 2, kisha huendelea na ubingwa wenyewe. Kizazi cha Profesa Philemon Sarungi, bingwa wa mifupa aliyewahi kuwa Waziri wa Afya, kilisafiri mbali. Yeye alisomea udaktari Hungaria. Leo mtoto wa Boko anaweza kuwa bingwa bila kupanda ndege.

Sasa nije kwenye Kigoma. Mwanao akipangiwa utarajali Maweni, au Ligula kule Mtwara, usianze kutafuta mtu wa wizarani ambadilishie aje Dar es Salaam. Najua mama anataka mtoto awe karibu, ale nyumbani. Lakini hospitali kubwa za hapa mjini zina wanafunzi, watarajali na madaktari wa ubingwa wote wamezunguka kitanda kimoja, na tarajali anaishia kushika kulabu tu na kukimbiza vipimo maabara. Mkoani, daktari wa upasuaji akiwa mmoja au wawili, tarajali mwenye bidii ndiye msaidizi wao. Usiku akija mama wa upasuaji wa uzazi, au kijana mwenye utumbo uliojikunja, ataitwa yeye. Kila upasuaji aliosaidia auandike kwenye daftari lake, msimamizi atie saini. Akija kuomba nafasi, daftari hilo, pamoja na barua ya bingwa aliyemwona akifanya kazi saa nane za usiku, vitasema zaidi ya maneno yake mwenyewe. Alama nazo zinahesabika, hasa za somo la upasuaji; asije akadhani mikono itafidia kitabu.

Nyumbani ukimkuta anafunga vifundo vya uzi kwenye mguu wa kiti, au anashona ngozi ya kuku uliyoleta kwa ajili ya mchuzi, usimcheke. Anafanya kazi ya shule.

Wagonjwa nao wana sehemu yao. Ukilazwa na ngiri au goita, ukaona vijana watano wamesimama miguuni pako, una haki ya kuuliza ni akina nani, na una haki ya kukataa. Kabla ya kutia saini fomu ya ridhaa, uliza nani atashika kisu na nani atamsimamia. Ukijibiwa vizuri, mimi ningekubali. Tume ya jarida la Lancet mwaka 2015 ilipendekeza kila watu 100,000 wawe na wataalamu 20 wa upasuaji, usingizi na uzazi ifikapo 2030, na sisi bado tuko mbali mno. Hao wanaokosekana watapatikana kwenye vitanda vyetu wenyewe.

Umeona nimetaja usingizi? Hakuna mzazi wa Boko aliyewahi kuniambia mwanawe anataka kuwa bingwa wa usingizi. Waombaji wa fani hiyo ni wachache, na bila wao bingwa wa upasuaji atasimama na kisu chake mkononi akisubiri. Mtoto akiikosa nafasi ya upasuaji, au hata kabla hajaikosa, muulizeni kama amewahi kuifikiria.