Usiuze Simu Ununue Kisanduku cha Roland

Juzi usiku kijana wa Form Three kaniandikia inbox. Swali lake lilikuwa fupi: "Bro, nikiuza simu yangu nipate SC-55, ntajuta?"

Mdogo wangu, nakujibu hapa mbele ya watu kwa sababu najua hauko peke yako. Utajuta. Usiuze simu.

Kwa wale wasiojua tunazungumza nini: gemu nyingi za zamani za DOS hazikubeba muziki uliorekodiwa. Zilibeba maagizo tu. Piga noti hii, kwa ala hii, kwa nguvu hii, sasa nyamaza. Maagizo hayo ndio MIDI, lugha ya vinanda ya tangu 1983, na kazi ya kupiga ilikuwa ya kifaa chengine. Ukiwa na kadi ya bei rahisi unasikia nzi kwenye chupa. Ukiwa na kisanduku cha Roland MT-32 cha 1987, au Sound Canvas SC-55 cha 1991, gemu ile ile inakuwa kama imekodi bendi. King's Quest IV ya 1988 ilitengenezwa MT-32 ikiwa akilini. Doom ya 1993, muziki wa Bobby Prince, kuna watu wanaapa kwamba hujaisikia mpaka uisikie kwa SC-55.

Na hao wanaoapa ndio nnaogombana nao leo.

Kwanza nikiri, maana nna haki ya kusema haya. Mwaka ule nlioacha chuo (msinichimbe sana: karo ilikuwa sababu, uvivu pia ulikuwa sababu, na video zangu zilikuwa zimeanza kutazamwa) mamangu alinipa shilingi 30,000 zilizobaki za karo akanambia, haya, anza nazo kitu. Mimi nikaanza nazo MT-32. Nlikuwa nimeshatazama video labda mia za wazungu wenye rafu zimejaa visanduku vya kijivu na taa za kijani, kila mmoja anafumba macho muziki ukianza. Nkajiona na mimi nimefumba macho.

Nlikinunua kwa jamaa mmoja wa hapa hapa kisiwani, simtaji, anayeleta vyombo vilivyotumika kutoka Japani. Nkamuuliza kuhusu umeme. Akanambia, "Chomeka tu, mbona una wasiwasi?"

Umeme wa Japani ni volti 100. Wetu ni 240. Adapta ya siku hizi, kama chaja ya simu yako, ina akili ya kujirekebisha. Ile ya zamani ina transfoma nzito kama jiwe la mizani na haina akili yoyote: ukiilisha karibu mara mbili na nusu, itatema karibu mara mbili na nusu. Kisanduku kilikuwa kinangoja volti 9. Kikapata ishirini na kitu. Taa iliwaka, maandishi yakatokea kwenye kioo, nkapata furaha ya kama sekunde tatu, halafu pu! Chumba changu kiko ghorofani nyuma ya Ndia Kuu, dirisha moja tu. Ule moshi ulikaa na mimi mpaka adhuhuri. Mamangu akaita kutoka chini, "Unaunguza nini huko?" Nkamwambia mkate.

Fundi wa karibu na Mwembe Tayari alikifungua, akanionyesha palipokuwa peusi, akarudisha skrubu moja moja taratibu kama anayefunika maiti. Hakunitoza kitu. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Kwa hivyo ukiamua kutonisikiza, basi angalau chukua hili: soma maandishi nyuma ya chombo kabla hujagusa soketi. Na SC-88 ya Japani ni mtihani zaidi, kwa sababu transfoma yake imo ndani. Hapo kubadilisha adapta hakukusaidii, wahitaji mashine ya kushusha umeme. Bei hiyo ya pili hakuna anayekutajia kwenye video. Wala ushuru na VAT ya asilimia 16 ukiagiza mwenyewe. Wala chumvi. Sisi twaishi kisiwani, yakhe. Hewa ya hapa inakula vyuma vya madirisha, itashindwa na kifaa cha miaka thelathini na tano kilichotoka kwenye kabati kavu la mzee wa Osaka?

Lakini hata kingefika kizima, hata kingekuwa bure, bado nna neno.

Hii tunayoiita retro si kumbukumbu yetu. Mwaka 1988 ni nyumba gani ya Mji wa Kale iliyokuwa na kompyuta sebuleni, tena yenye kisanduku cha muziki cha mamia ya dola pembeni? Mimi Doom nliijulia saiba ya Bondeni, kwenye mashine iliyokosa spika. Sauti za bunduki tulizifanya kwa midomo. Sasa mtu wa miaka kumi na saba anauza simu ili arudishiwe utoto wa mtoto wa California. Kupenda gemu hizo si kosa, mimi nazipenda mpaka leo. Kosa ni kuambiwa kwamba mapenzi yako hayajakamilika mpaka ulipe.

Halafu twende kwenye sauti halisi. Najua utaniambia hivyo: "Programu si sawa na chombo chenyewe." Sawa, nakubali kidogo. Watunzi walitunga wakisikiliza vyombo vile, na ukiwa na masikio mazuri na spika nzuri kuna tofauti. Lakini niambie, hiyo sauti halisi utaipitisha wapi? Kwenye spika ya Bluetooth ya shilingi mia nane, iliyopasuka siku ya mechi? Kwanza sikia bure. DOSBox ni bure. FluidSynth ni bure, na mafaili ya sauti za kuilisha yapo mengi ya bure. Munt inaiga MT-32 vizuri sana, nayo ni bure. Sitakuficha, inataka mafaili ya ROM ya chombo chenyewe, na hayo yana hakimiliki ya Roland. Laptopu ile nzee ya dadako inatosha. Roland wenyewe waliwahi kuuza Sound Canvas kama programu ya kompyuta! Wenye chombo hawakuona haya, wewe waona haya ya nini?

Na kama huwezi kulala mpaka uguse kitu chenye vitufe, basi hapa ndipo nlipotaka kufika.

Jirani yetu wa Kibokoni amepiga kinanda kwenye harusi za mji huu tangu kabla sijazaliwa. Sisi sote twamwita Ami. Baada ya mkasa wa mkate nlikwenda kwake kumsaidia kupandisha godoro, nkaona chini ya kitanda kitu kirefu kimefungwa kwa leso mbili. Yamaha ya miaka ya tisini. Nkaigeuza. Nyuma, matundu mawili ya duara yenye pini tano tano, yameandikwa MIDI IN na MIDI OUT. Mbele, nembo ya General MIDI.

Wallahi nliketi chini.

General MIDI ni makubaliano ya 1991, ile ile ambayo SC-55 iliifuata: ala 128, kila moja na namba yake, chaneli 16, chombo chochote chenye nembo hiyo kitaelewa gemu inataka nini. Yaani kisanduku nlichotamani kufa kilikuwa chini ya kitanda nyumba ya tatu kutoka kwetu, na kilikuwa kimeshafanya kazi ya kweli. Kimeimbisha mabibi harusi, kimenyeshewa kwenye hema, kimemwagiwa sharbati.

Nkanunua kebo ya USB ya MIDI, kitu kidogo tu ukilinganisha na bei ya kisanduku. Upande ulioandikwa OUT unaingia kwenye IN ya kinanda, usikosee. Nkafungua Doom. Ami ameketi na kahawa yake, hajui nnafanya nini. Wimbo wa hatua ya kwanza ukalipuka pale chumbani kwa gitaa la kinanda cha harusi. Ami akasikiza mpaka mwisho, akasema, "Huyu ana haraka, lakini besi yake ina adabu."

Je, ilikuwa sawasawa na SC-55? La. Gitaa lilikuwa jembamba, na ngoma zilikuwa za Yamaha, hazikuwa za Roland. Na gemu zilizotungiwa MT-32, kama King's Quest IV, hapo zinaharibika kabisa, kwa sababu MT-32 ilikuja kabla ya makubaliano hayo na ina mpangilio wake wa ala. Utasikia zumari panapotakiwa fidla. Kwa hizo tumia programu. Lakini kwa Doom na gemu nyingi za baada ya 1991, mimi sikuhitaji kufumba macho. Nlicheka mpaka Ami akaniuliza kama niko salama.

Kisha akataka kuiona ile orodha ya ala 128. Nkamsomea sehemu ya karibu na mwisho, ya vyombo vya "kienyeji": sitar namba 105, shamisen 107, koto 108, kalimba 109. Akangoja. Akauliza, "Udi je?" Hamna. "Kanuni?" Hamna. Akanyamaza, halafu akanionyesha jinsi alivyokuwa akifanya miaka yote ile: gitaa la nailoni, mkono wa kushoto kwenye gurudumu la kupinda sauti, anaitafuta ile noti ya rast ambayo haimo kwenye vitufe vyeusi wala vyeupe. Hakuna aliyemuuliza kabla ya kuandika orodha, naye hakumuuliza mtu kabla ya kuizunguka.

Na hii si mara ya kwanza pwani hii. Tashkota unayoisikia kwenye taarab ya Zuhura Swaleh ni taishokoto, chombo cha Kijapani kilichobuniwa Nagoya mwaka 1912. Kilifika huku, watu hawakukiweka kwenye rafu wakakipiga picha. Walikitia kwenye harusi, mpaka leo ukisikia mlio ule unajua umekaribia nyumbani.

Ndio maana yule jamaa muuzaji ananikera kuliko wazungu wa video. Wazungu wale walau wanalilia utoto wao wenyewe. Yeye anajua umeme wetu. Anajua soko lake ni watoto wa shule wenye pesa za Idd na simu za kuuza. Juzi nimeona amepandisha bei tena kwenye grupu, eti vimebaki vitatu. Vitatu hivyo vimebaki tangu mwaka jana, mimi navihesabu.

Vinanda vya harusi viko kila mtaa wa kisiwa hiki, kuanzia Majengo mpaka Makadara, vimefungwa leso, na wenyewe wanazeeka. Uliza ndani ya nyumba yako kwanza. Muulize mjomba. Ukikuta kimoja usikichukue bure, na usimdanganye mzee kwamba ni takataka halafu ukakiuze, nawajua mlivyo.

Na wewe mdogo wangu wa Form Three, Jumamosi baada ya alasiri njoo Kibokoni na laptopu yoyote iliyo na Doom. Kebo nnayo. Ami amekubali kwa sharti moja, uje na mahamri ya moto. Nlipomwambia kuna mtu anataka kuuza simu ili asikie mlio wa kinanda chake, aliniuliza mara mbili kama nasema kweli.