Kichwa Kikiugua, Mgongo Usisahauliwe

Mgonjwa mwenye uvimbe wa ubongo anapoanza kulalamikia mgongo, aghalabu sisi jamaa zake humwambia kuwa ni kwa sababu ya kulala sana. Tunampaka dawa ya kuchua, tunampa vidonge vya maumivu, basi. Hilo ni kosa, na hata baadhi ya madaktari hulifanya.

Ubongo na uti wa mgongo umezungukwa na maji yale yale. Mwili hutengeneza karibu nusu lita ya maji hayo kila siku, nayo huzunguka kutoka kichwani hadi kiunoni. Uvimbe mkali ukifikia njia za maji hayo, chembechembe zake huweza kubebwa kama taka mtaroni, zikatua mgongoni na kuota huko.

Kwa watu wazima wenye glioblastoma, jambo hili si la kila siku. Lakini kuna meduloblastoma, uvimbe wa watoto unaoota upande wa nyuma wa kichwa, na ambao humfanya mtoto ayumbe anapotembea na kutapika asubuhi. Hapa, karibu mtoto mmoja katika kila watatu hugunduliwa uvimbe ukiwa umekwisha kuenea.

Ndiyo maana napinga mtoto kama huyu kupigwa picha ya MRI ya kichwa peke yake. Najua gharama yake, na najua harambee tunazoitiwa kila wikendi. Lakini kiasi cha miale atakachopewa mtoto hutegemea kama ugonjwa umefika mgongoni. Isitoshe, baada ya upasuaji, damu iliyoteremka mgongoni huweza kuonekana kama uvimbe na kuwababaisha hata wataalamu. Heri mgongo mzima upigwe picha kabla.

Na mgonjwa wa uvimbe wa ubongo, awe mtoto au mtu mzima, akihisi maumivu ya mgongo yanayomwamsha usiku, miguu ikilegea au kufa ganzi, au mkojo ukikataa kutoka, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Msingoje kliniki ya mwezi ujao. Huenda tiba isimponye, lakini ikiwahi huweza kumwezesha kuendelea kutembea. Mishipa iliyobanwa kwa siku kadhaa mara nyingi hairudi tena.

Mzazi, kabla ya kutia sahihi karatasi ya upasuaji, uliza kama mgongo umepigwa picha. Ikiwa hali ya mtoto ni mbaya na upasuaji hauwezi kungoja, sawa, lakini uambiwe picha hiyo itapigwa lini.