Msiitoboe, Bado Inawaka!

Wasomaji wangu, nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, lakini Jumamosi nilitoka kwenye maonyesho ya "sanaa ya taka" nikiwa na hasira. Ukutani palitundikwa saa iliyotengenezwa kwa bodi kuu ya kompyuta. Watu walipiga picha. Mimi nikasogea nisome maandishi yake (ndiyo, mimi ni mtu wa aina hiyo). Kumbe ni bodi ya Core i5 kizazi cha nne. Jamaa aliyeitoa ofisini kwao akaniambia bila aibu kwamba ilikuwa ikiwaka vizuri tu, ila "imepitwa na wakati". Wakaitoboa katikati wapitishe akrabu za saa!

Jamani, hiyo si kuipa taka uhai mpya. Hiyo ni kuchinja kitu kizima halafu kupamba mzoga.

Hapa Kinanie serikali ilitenga eneo la viwanda vya ngozi, kwa hiyo mfano wangu ni wa ngozi. Fundi hutoa mkoba kwanza. Kinachobaki hutoa mshipi, kisha pochi, na kile kipande cha ukubwa wa kidole ndicho kinachokuwa kishikio cha funguo. Fundi akichukua ngozi nzima ya ng'ombe na kuikatakata vishikio vya funguo, wenzake watadhani amerogwa. Tairi nalo huwa akala baada ya kuzibwa pancha mpaka likachoka. Pipa linalogongwa Kamukunji likawa jiko au sanduku lilishamaliza kazi yake ya pipa. Hawa hawajasomea kompyuta, lakini utaratibu wanaujua.

Sisi wa kompyuta je? Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida. Windows 11 inadai TPM 2.0, na kwa upande wa Intel inaanzia, kwa jumla, kizazi cha nane. Basi mashine nzima, isiyo na hata skrubu iliyolegea, inaitwa taka kwa sababu ya sharti lililoandikwa kwenye programu. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za elektroniki, na ni asilimia 22.3 tu ndizo zilizorekodiwa kukusanywa na kuchakatwa ipasavyo. Hereni za vitufe vya kibodi hazitapunguza mlima huo.

Nyumbani nina laptopu ya mwaka 2010, RAM GB 4. Nimeiwekea Debian bila madoido. Betri ilikufa zamani, kwa hiyo stima ikipotea nayo inalala. Ikiamka, inagawa Wikipedia ya Kiswahili kupitia Kiwix, na watoto wa jirani wanasoma kwa simu bila kununua bando. Hakuna aliyewahi kuipiga picha.

Sina ugomvi na wasanii. Cyrus Kabiru anaokota vyuma na vikorokoro vya Nairobi akatengeneza miwani iliyotembea dunia nzima, na namvulia kofia. Lakini kuokota kilichokufa na kuua kilicho hai ni mambo mawili tofauti.

Na nyie wakuu wa ofisi, msiniletee kisingizio cha "data zetu". Data iko kwenye diski. Chomoeni diski, au iacheni nwipe ifanye kazi usiku kucha. Ni programu huria, haina malipo. Bodi haijui siri zenu. Iwasheni kwanza. Ikiwaka, mpeni mwalimu. Ikikataa, mpeni fundi atoe vipuri. Msanii aje baada ya hao wawili.

Ile saa, kwa taarifa yenu, ilikuwa nyuma kwa dakika ishirini.

Mwenye RAM ya laptopu ya DDR3 anayotaka kuigeuza kidani, tafadhali anitafute kabla hajashika drili. Mashine yangu ina nafasi moja tupu.