Tusiulize "Nani", Tuulize "Nini"



Siku moja nilikwenda kwenye kilio upande wa Kabambare. Baba mmoja alikuwa amekufa, hata miaka 45 hakufikisha. Tumbo lilivimba, macho yakawa manjano, mwili ukakonda kwa miezi michache tu. Munganga alisema ni kansere ya ini. Lakini usiku kucha watu waliuliza swali moja: "Nani amemuloga?" Kabla ya jua kutoka walikwisha kumtaja shangazi yake, mjane mzee. Yule mama alifukuzwa kijijini. Tulizika mtu mmoja, tukapoteza wawili. Na mimi mchungaji nilikuwa pale, nikanyamaza. Jambo hili linanichoma hata leo.

Kansere ni nini? Mwili wetu umejengwa na chembe ndogo sana. Chembe moja ikiharibika, inaweza kuanza kuzaana bila kusikia amri. Kazi hiyo mara nyingi huchukua miaka mingi, 10, 20 au zaidi. Ndiyo maana tunasahau mlango iliyoingilia.

Fikiri juu ya pikipiki inayokwenda Kabambare. Breki mbaya, mvua, mzigo mkubwa, usiku bila taa: kila kimoja kinaongeza hatari. Si kila dereva ataanguka, lakini vikikutana vyote, ole wake! Kansere iko vile vile.

Kwanza, ini. Kuna virusi ya homa ya ini B. Inapita kutoka mama hadi mtoto wakati wa kuzaa, katika damu, katika wembe wa kuazimana na katika ngono. Inaweza kukaa mwilini miaka mingi bila dalili. Halafu kuna sumu ya ukungu unaoota juu ya kalanga na mahindi yasiyokauka vizuri. Inaitwa aflatoksini, na moto wa chungu hauimalizi. Mwaka 2004, katika wilaya za Kenya kama Makueni na Kitui, mahindi ya namna hiyo yaliwapata watu 317, na 125 wakafa. Anayekula kidogo kidogo kwa miaka hafi haraka, lakini ini lake linaumia. Na mwenye virusi pamoja na sumu hii, hatari yake inazidi sana. Siwezi kusema ni nini kilichomuua baba yule. Lakini sumu ya kitunga tunaweza kuitupa! Mtoto apate chanjo zake za wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Kalanga zikaushwe juu ya mkeka, si juu ya udongo, na zenye ukungu zitupwe.

Pili, kansere ya shingo ya kizazi. Karibu yote hutoka kwa virusi ya papiloma, inayopita katika ngono. Mara nyingi mwili huifukuza wenyewe. Kwa wengine inabaki. Mwanamke mwenye virusi ya ukimwi, hatari yake ni mara 6. Wababa, sikieni: mama mwaminifu anaweza kuugua kwa sababu ya njia za bwana anayelala machimboni. Munganga anayejua kazi hiyo hupaka siki na kuona mabadiliko kabla hayajawa kansere.

Tatu, tumbaku na lotoko. Kila moja ni mbaya peke yake. Pamoja zinaharibu kinywa na koo zaidi.

Nne, vumbi la mawe ya dhahabu. Wanaotwanga mawe makavu wanavuta vumbi linaloumiza mapafu na kuongeza hatari ya kansere. Lowesheni mawe kwa maji, na watoto wakae mbali.

Lakini angalieni: hatari si hukumu. Kuna asiyevuta sigara hata siku moja akaugua. Umri na damu ya jamaa hatuwezi kuvibadilisha. Basi tusimlaumu mgonjwa vilevile. Katika Yohana 9 wanafunzi waliuliza nani alikosa hata yule mtu akazaliwa kipofu. Bwana alikataa swali lao, akamponya.

Ukiona uvimbe unaokua, kidonda kisichopona, au damu nje ya siku za mwezi, usingoje. Nenda kwa munganga mapema, kwa maana kansere nyingine zinapona zikionekana mapema. Na kilio kikitokea kwenu, watu wakianza kutaja jina la mama mzee, wewe usinyamaze kama mimi.

Ya kuzungumza nyumbani: Kalanga zetu zinalala wapi? Watoto wote wamemaliza chanjo? Kuna nani kwetu aliyefukuzwa, ambaye tunapashwa kumrudisha?

Mchungaji wenu.