KONA YA SHAMBA: Mahindi ya Shamba Moja Hayafanani

Mwezi huu tuongee juu ya mbegu. Mtasema, "Shamba liko wapi hapa kambini?" Ni kweli, wengi wetu tuna kibustani cha nyuma ya nyumba tu. Lakini mbegu ni mbegu, na siku tukipata shamba kubwa tutaanza na hiyo hiyo.

Tazama mahindi yako. Yalipandwa siku moja, yakanyeshewa mvua moja. Mbona hili limetoa mbelewele mapema na lile limechelewa? Sababu moja ni udongo, nyingine ni urithi. Ni kama watoto wa tumbo moja: huyu mrefu, yule mfupi. Tofauti hizo si kasoro, ni akiba.

Joto likizidi nyuzi 35 wakati wa mbelewele, vumbi lake huharibika. Ndevu zinakosa cha kupokea, na hindi linatoka kibogoyo. Mmea uliowahi kabla ya joto umeponea hapo.

Sasa sikilizeni mambo ya Israeli, ambako ngano na shayiri za porini huota zenyewe. Watafiti walichukua mbegu zake mwaka 1980, wakarudi mahali pale pale mwaka 2008. Halafu wakazipanda zote pamoja, maji yale yale, joto lile lile. Zile za 2008 zilitoa maua mapema zaidi, kwa wastani wa siku kama 10! Hakuna mmea uliojifunza kukimbia joto. Ila katika miaka hiyo 28, ambamo nchi ilizidi kupata joto, mimea ya mapema ndiyo iliyoacha watoto wengi.

Lakini kuna onyo. Watafiti hao waliona pia kwamba tofauti za urithi ndani ya mimea ile kwa jumla zimepungua. Akiba inatumika. Ikiisha, joto likizidi tena, mmea utachagua nini?

Basi tufanye hivi:

1. Tuchague mbegu mahindi yakiwa bado yamesimama shambani, si kwenye rundo la jikoni. Huko jikoni hutajua lipi liliwahi.

2. Tusichukue mahindi mawili matatu makubwa tu. Tuchukue kwenye mimea mingi yenye afya, ya mapema na hata michache ya kuchelewa. Mvua ikiwa nzuri, ile ya kuchelewa mara nyingi hubeba hindi nono.

3. Bustani ikiwa ndogo, tuchanganye na za jirani. Mama wa nyumba ya pili huenda ana mbegu ambayo wewe huna.

4. Mbegu chotara ya dukani tuipande na kuila. Ukirudia kupanda watoto wake, mavuno hushuka.

Tunajua ugumu uko wapi. Posho ikichelewa, watoto wanalia, na kile kikopo cha mbegu kinakutazama. Hatuwezi kumlaumu mzazi aliyekipika. Ila tukubaliane majirani: nyumba moja ikilazimika kula mbegu yake, nyingine imwekee kikombe kimoja. Hivyo mbegu haitapotea kwetu sote siku moja.

Haya, kazi njema. Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda.